Nimeshtakiwa kwa Gitaa Lisilo na Sauti

Wuppertal, Ujerumani
Novemba

Baba mdogo, shangazi, na ninyi nyote wa Omurushaka na Nkwenda mtakaosomewa barua hii,

Mimi sijambo, ila nimeandikiwa barua ya malalamiko. Jumapili iliyopita, saa saba na dakika ishirini mchana, nilikuwa chumbani napiga gitaa la umeme. Sauti yote ilikuwa inaingia masikioni mwangu kwa hedifoni. Hata panya angepita nje ya mlango asingejua kuna muziki. Jumatatu asubuhi nikakuta bahasha chini ya mlango. Mama wa ghorofa ya chini ananiomba, kwa mwandiko mzuri na heshima zote, niache kelele saa za mapumziko. Kelele gani? Nikashuka kumuuliza. Akanyanyua mguu wake wa kulia, akaugonga sakafuni mara nne, taratibu, kwa mapigo sahihi kabisa. Kumbe gitaa halisikiki, mguu ndio unasikika. Nina miezi minne ya mafunzo, na jirani pekee aliyewahi kunisikiliza amesikiliza kiatu.

Huku ukimya una ratiba. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kimya. Katika nyumba yetu, saa saba hadi saa tisa mchana, kimya tena. Jumapili, kimya kutwa nzima: usitoboe ukuta, usikate majani kwa mashine. Yaani siku ile ile ambayo kwetu kila kwaya inageuzia spika barabarani ili hata aliyebaki nyumbani asipone. Nilipobandikiwa kanuni hizo niliwakumbuka wale wasafiri Wazungu, Speke na Grant, waliofikia kwa Mfalme Rumanyika pale Bweranyange mwaka 1861. Grant alibaki Karagwe miezi kadhaa akiuguza mguu, mwenzake akatangulia Buganda. Sijasoma popote kwamba Rumanyika alimbandikia karatasi mlangoni. Mguu wa Mzungu tuliuuguza. Wangu umepigwa marufuku.

Niwasimulie nilivyolinunua. Dukani magitaa yamening'inizwa ukutani kama mikungu siku ya gulio. Kijana muuzaji akaniuliza napiga muziki gani. Nikasema nataka solo kama la Mbaraka Mwinshehe. Akalitafuta jina kwenye simu, akasikiliza dakika nzima amefumba macho, kisha akasema kwa sauti safi namna hiyo nichukue gitaa lenye sumaku za koili moja moja. Hapo ndipo nilipofunguliwa siri ya kifaa hiki: tumbo lake ni ubao mtupu, halina uvungu. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye ule waya, unasafiri hadi kwenye amplifaya, nayo inaukuza. Baba mdogo, uliniuliza kama tunaweza kuifungia enanga, ala yetu ya nyuzi, sumaku hizo. Haiwezekani. Nyuzi za enanga ya wazee ni mishipa ya ng'ombe, na sumaku haina habari na ng'ombe.

Koili moja zina tabia moja mbaya: zinanasa muungurumo wa umeme wa nyumba. Nikishika nyuzi, gitaa linatulia kidogo. Nikiachia, linaanza kulia. Nina mtoto mchanga ndani ya nyumba na sijaoa. Yapo magitaa ya koili mbili zilizofungwa kinyume, muungurumo mmoja unafuta mwingine, lakini sauti yake ni nzito, na mimi nilishajitangaza kuwa mtu wa Mbaraka.

Kisha kijana akaniletea amplifaya ya wati 10. Nikacheka. Spika za harusi pale Kayanga zinatikisa migomba. Wati 10 si taa ya choo hiyo? Akaniambia kwa anayeanza inatosha. Nikaenda nayo nyumbani, nikageuza kitufe nusu tu, vikombe vikashuka kabatini. Kuanzia siku hiyo ni hedifoni. Kifurushi kizima cha mwanafunzi, yaani gitaa, amplifaya, waya, mkanda na mfuko, ni yuro 210, na shangazi, nakuomba usizigeuze kuwa magunia ya kahawa maganda. Nilikubaliwa kulipa kidogo kidogo kwa miezi sita. Nikasema moyoni, ndiyo butura hii! Kwetu butura, kuuza kahawa ingali mtini, unaifanya usiku, ukimkwepa mtu wa ushirika. Huku wanakupa na kalamu ya kusainia.

Sasa njooni kwenye herufi H. Gitaa lina nyuzi sita, na kila uzi una herufi yake. Nina kidude cha kubana kwenye kichwa cha gitaa. Hakisikilizi sauti, kinahisi mtikisiko wa ubao, kisha kinawasha herufi. Nikifunga nyuzi zangu kutoka ule mnene, kinaniambia E, A, D, G, B, E, na taa ya kijani inawaka. Nikaenda kwa mwalimu wangu, mzee mstaafu mwenye subira ya mvuvi, nikapiga. Akasema, “H yako iko chini.” Nikamwambia, “Mwalimu, sina H. Hili nililonunua lina B.” Akasema B ni noti nyingine. Tukabishana robo saa ambayo nimeilipia. Kumbe Wajerumani noti ambayo nchi nyingi zinaiita B wao huiita H, na jina la B wameipa noti iliyo nusu hatua chini yake. Inasemekana zamani waandishi wa muziki walikuwa na b mbili, ya mviringo na ya pembe, na ile ya pembe ikaishia kusomwa h. Nilitaka kuwacheka, nikakumbuka mwalimu wetu wa darasa la tatu alivyotuchapa kwa kuandika “kura chakura”. Mtu aliyekulia kati ya L na R hana ubavu wa kumcheka mtu wa B na H. Na kweli, uzi wangu ulikuwa chini.

Vidole vimeniumbua zaidi. Nilidhani aliyepalilia migomba tangu utoto hawezi kulizwa na uzi. Lakini sugu za jembe ziko kiganjani, na gitaa linataka sugu kwenye ncha za vidole, mahali ambapo jembe halijawahi kufika. Uzi wa kwanza ni mwembamba kama uzi wa kuvulia, unakata kama wembe. Wiki ya kwanza nilishika kikombe cha chai kwa viganja viwili, kama paroko na kalisi.

Saa kumi na moja jioni huku giza limeshaingia. Nje treni inapita juu ya mto ikiwa imening'inia kwenye reli, kama mkungu uliosahauliwa mtini, inaning'inia hivyo tangu 1901. Kwenu saa hizi najua senene wameanza kuzunguka taa. Nami nakaa na hedifoni, naukumbuka uzi wa gitaa langu la kwanza, lile la galoni la mafuta. Baba mdogo, ule waya wa breki ya baiskeli yako, ile uliyoteremka nayo Omurushaka na mikungu mitatu bila breki, haukuibwa na mtoto wa jirani. Alichapwa bure. Nitamwomba radhi mwenyewe.

Lile galoni lilikuwa na sauti mbaya, lakini nilipokosea, bibi aliyekuwa anapita na kuni kichwani alisema “hapo umeharibu” bila hata kusimama. Mpiga enanga naye hupigia watu, wakamjibu, wakamsahihisha. Huku nina chombo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika, na kunisahihisha mpaka nilipe.

Nakuja Desemba. Mniwekee senene, waliokaangwa wakakauka. Gitaa nalibeba, amplifaya naiacha. Gitaa la umeme lisipochomekwa linasikika hatua mbili tatu tu, kwa hiyo sogezeni viti.

Ni mimi mwanenu.