Ukisukuma Juu, Pac-Man Anashuka

Ukimwona mtu mzima ana vipande vya waya kwenye mfuko wa shati la Jumapili, usimuulize kama ameanza ufundi. Anajitengenezea mashine ya gemu, ile ya kusimama, yenye kioo, fimbo ya kuongozea na vitufe vya rangi, na familia yake imeshamkatia tamaa.

Kwangu, Tabata, kazi ya mbao ilikwenda vizuri mno. Seremala alikata plaiwudi, akaunga, akapaka rangi nyeusi, akauliza mara moja tu kama hilo ni kabati la viatu. Mama mkwe alipokuja kutusalimia alilikuta limelazwa sebuleni, tupu, jeusi, refu kimo cha mtu. Akamvuta mke wangu pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini ni nani mgonjwa.

Waya ndizo zilizotutoa jasho.

Ndani ya mashine kuna bodi yenye gemu sitini, na bodi hizi hufuata mpangilio uitwao JAMMA, kifupi cha jina la chama cha watengenezaji wa mashine za burudani wa Japani. Waliuweka katikati ya miaka ya 1980. Kabla ya hapo kila kampuni ilipanga waya zake itakavyo, na mwenye ukumbi akitaka kubadili gemu ilibidi afumue mashine nzima. Wajapani wakasema basi, iwe plagi moja ndefu, pini 56, 28 kila upande, na kila pini ijulikane kazi yake: umeme, picha, spika, fimbo na vitufe vya wachezaji wawili, mpaka swichi ya sarafu. Unachomoa bodi hii, unachomeka ile, unaendelea kukusanya hela. Walisahau tu kwamba binadamu hatosheki. Street Fighter II ilipokuja mwaka 1991 ikitaka vitufe sita kwa kila mchezaji, plagi ilikuwa na nafasi ya vitatu, ikabidi kuongezwa plagi nyingine pembeni.

Walijua pia kwamba duniani kuna watu wenye haraka. Pini ya saba hawakuipa kazi. Mahali pake waliweka kizuizi cha plastiki, ili plagi isiweze kuingia kinyume. Kwa bahati mbaya, aliyetengeneza plagi niliyouziwa aliona kizuizi ni gharama, akakiacha.

Fundi wangu ni wa umeme wa magari, mtu mwema, Corolla haijawahi kumshinda. Aliitazama bodi, akatabasamu. “Hii mbona ndogo tu, kaka.” Akachomeka plagi, ikagoma kidogo, akaisindikiza kwa kiganja.

“Imeingia?”

“Imeingia.”

Na kweli iliingia, kichwa chini miguu juu. Uchokozi wa plagi hii ni kwamba waya za hasi ziko miisho yote miwili, kwa hiyo ukiigeuza, hasi inakutana na hasi na hakuna cheche. Ila zile volti 12 za pini ya sita zinatua kwenye kitufe cha pili cha kila mchezaji, mahali ambapo bodi haikutarajia mgeni wa aina hiyo. Harufu ilitangulia, moshi ukafuata. Fundi akanusa, akanituliza: “Hiyo harufu ya upya, kaka. Itaisha.” Iliisha pamoja na bodi.

Bodi ya pili niliichomeka mwenyewe, yeye akahamia kwenye vitufe. Chini ya kila kitufe kuna swichi ndogo yenye masikio matatu. Moja ni la pamoja, la pili huunganika ukibonyeza, la tatu limeunganika muda wote na hukatika ukibonyeza. Fundi alichagua masikio kwa urahisi wa kufikika. Matokeo yake mpwa wangu akacheza gemu ya ndege ambayo bunduki yake ilifyatua risasi bila kukoma, na akitaka inyamaze ndipo anabonyeza.

Halafu kuna tamino, vile vibanio vya chuma vya kuunganisha waya na masikio ya swichi. Masikio ya swichi zangu ni milimita 4.8. Tamino za maduka ya spea za magari, nilikozunguka Gerezani nzima, ni za 6.3. Fundi alizikandamiza kwa plaisi mpaka zikashika, kwa maana ya kushika mpaka mtoto apige kitufe kwa hasira. Na waya wa hasi haurudi kwenye bodi kutoka kila kitufe. Unaruka kitufe hadi kitufe, kama mchango wa harusi unaopitia kwa ndugu: mmoja wa katikati akiachia, walioko mbele yake wote hawajui kitu. Tamino moja ikichomoka, nusu ya vitufe inakufa, na iliyochomoka siku zote ni ile iliyo nyuma kabisa ya spika.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa fimbo. Fundi aliandika JUU kwenye swichi ya juu, na Pac-Man, ambaye tangu 1980 ana kazi moja tu ya kukimbia mizuka, akawa anaifuata. Mpwa wangu wa darasa la sita akapiga magoti, akachungulia chini ya ubao. “Mjomba, fimbo ina egemeo katikati. Ukiisukuma juu, mkia wake unakwenda chini. Waya wa juu ukae swichi ya chini.” Fundi alikataa katakata, akasema mtoto huyu akipewa gari ataua watu. Tulizibadilisha alipokwenda kuswali alasiri.

Baadaye bodi ikaanza kujizima na kujiwasha, na umeme wa mtaa ukasingiziwa. Mita ya kupimia volti ikasema vingine: volti 5 kwenye pawasaplai, 4.6 kwenye bodi. JAMMA imetenga pini nne kwa volti 5 na nane kwa hasi, sababu umeme mwingi haupendi njia nyembamba. Plagi yangu ilikuwa na waya mmoja kwa kila upande. Tukajaza zilizobaki, volti zikapanda. Hapa naacha utani: kwenye pawasaplai hizi skrubu za volti 230 zimepangana safu moja na zile za volti 5. Chomoa kwenye soketi kwanza, ndipo uingize mkono.

Sasa mashine inafanya kazi. Kipokea sarafu hulinganisha kila sarafu na ile ya mfano uliyoiweka ndani. Mke wangu aliweka ya shilingi 200, na ufunguo wa kijidroo anao yeye. Ukitaka kuanza ya kwako, nunua mita kabla ya plaiwudi. Na ukipita duka lolote lenye tamino za milimita 4.8, nichukulie pakiti mbili. Hela yako nitakurudishia, ila itakuwa ya sarafu.