Sifa za Mheshimiwa S

Simba kasifiwa mpaka kachoka. Marais husifiwa kila siku na timu za mpira kila wikiendi. Lakini sijasikia mtu akisimama kumsifu S, ile herufi inayobandikwa mkiani mwa kitenzi cha Kiingereza pale anapotajwa mtu mmoja ambaye si mimi wala si wewe, katika wakati uliopo. "I work, you work, we work, they work": hao wote wanafanya kazi kwa amani. Akitokea "he" au "she", lazima iwe "works", la sivyo alama imekwenda. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakumjua Mheshimiwa S, ambaye peke yake huvunja insha nzima.

Nachukua kalamu kumtendea haki, na namsifia Mutakura, katika zoni ya Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, kwa sababu huko ndiko anakoheshimiwa inavyostahili. Mtoto wa Mutakura huamka kwa Kirundi, hupita barabarani na sokoni kwa Kiswahili, huketi darasani kwa Kifaransa, na kengele ya kipindi cha Kiingereza ikilia, humkuta S amesimama mlangoni akimsubiri. Lugha tatu alizokwisha kuzibeba hazimsaidii kitu. Kwa S kila mtu ni mgeni, na hakuna haki iliyo sawa kama hiyo.

Msifiwa huulizwa ukoo kwanza. Zamani Waingereza wa kusini walikimalizia kitenzi hicho kwa -eth. S ni mtu wa kaskazini. Katika karne ya 10 alikuwa ameshaonekana kwenye maandishi ya Northumbria, kisha akateremka kusini pole pole, kizazi kwa kizazi, mpaka akaingia London na kumwondoa -eth kwenye kiti chake. Shakespeare aliwatumia wote wawili. Biblia ya Mfalme James, iliyochapwa mwaka 1611, ilikaa na yule wa zamani, lakini watu mitaani walikwisha kuhamia kwa mpya. Kwa hiyo mheshimiwa wetu alianza maisha yake kama matamshi ya watu wa mbali na mji mkuu, ambayo bila shaka yaliwakera wenye mji. Watu wa kaskazini wakakosea kwa muda mrefu bila kuona haya, na kosa lao likawa sheria ya dunia. Mutakura nayo iko kaskazini mwa mji wake, ila S hapendi kukumbushwa undugu huo.

Burundi aliingia kwa msafara rasmi. Nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, ilikuta Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 umeshakipa Kiingereza kiti cha lugha rasmi. Mwaka 2014 sheria ikakifanya kuwa lugha rasmi ya nchi yenyewe, pamoja na Kirundi na Kifaransa. S hakutajwa popote. Wakubwa wa kweli hawatajwi kwenye barua ya mwaliko, wao huteremka tu garini.

Sasa tuzitazame fadhila zake, ya kwanza ikiwa ubanaji matumizi. Sisi tuna mazoea mabaya ya kumpa kila mtu kitu: ninafanya, unafanya, anafanya, tunafanya, mnafanya, wanafanya. Warundi nao wana mkono wazi: ndakora, urakora, arakora, turakora. Kila nafsi ina alama yake, tena imekaa mbele, ili msikilizaji ajue mapema nani anatenda. Kiingereza kimeona huo ni ubadhirifu. Kimewanyang'anya wote, kisha kikampa mmoja peke yake, na huyo mmoja ndiye ambaye hayupo kwenye mazungumzo. Msemaji hapewi, anayesemeshwa hapewi, anapewa anayesemwa. Hapo S anakuwa mlinzi wa maadili: kwa Kiingereza huwezi kumsengenya jirani bila kwanza kulipa ushuru wa herufi moja.

Fadhila ya pili ni kuwanyenyekesha wenye akili. S huyo huyo akikaa kwenye jina, watu wanakuwa wengi: "boy" ni mmoja, "boys" ni kundi. Akihamia kwenye kitenzi, kundi lote linatoweka anabaki mtu mmoja: "the boy runs, the boys run". Mwanafunzi anayetumia kichwa chake ataandika "the boys runs", maana alifundishwa juzi kwamba S ni wingi, na kwa nini wavulana wengi wasikimbie kwa wingi? Mwanafunzi mvivu ambaye hakuwahi kuelewa somo la juzi ana bahati zaidi ya kupata. Mtihani gani mwingine unaomfariji mvivu namna hii?

Fadhila ya tatu inajulikana vizuri kwa waliosomeshwa kwa Kifaransa. Lugha hiyo nayo ina S wake wa kitenzi, ila yeye huikalia nafsi ya pili: "tu travailles" anaye, "il travaille" hana. Tena huandikwa tu, hatamkwi. Basi mtoto akimaliza kipindi cha Kifaransa na kuingia cha Kiingereza, amvue S aliyekuwa kwa "wewe" amvishe "yeye", kisha yule aliyekuwa bubu amtamke kwa sauti tatu: moja ya "works", nyingine ya "sells", na nyingine ya "washes". Wataalamu wa ubongo wanasema mazoezi ni mazuri. Mutakura mazoezi hayo hutolewa bila kuombwa.

Na tusisahau ajira. Zinapokaribia siku za mtihani wa taifa wa darasa la tisa, jioni baraza za nyumba hugeuka madarasa. Kipande cha ukuta kimepakwa rangi nyeusi, mabenchi mawili, chaki imevunjwa vipande ili wengi wapate, na mbele amesimama kijana aliyemaliza chuo akangojea kazi mpaka S akamwajiri. Anaita: "He?" Wanaitika: "Works!" "My friends?" Hapo sauti zinagawanyika, nusu wanasema hivi, nusu vile, na mdogo mmoja anasema zote mbili ili asikose. Umeme ukikatika, mtu mmoja huwasha tochi ya simu, akaishika juu ya daftari, na wimbo unaendelea. Mama mwenye nyumba, ambaye Kiingereza hakukisoma, anajibu "works" kutoka jikoni, kwa sababu amekisikia kila jioni. Yeye ndiye hakosei kamwe.

Lakini ukitaka kuuona ukuu wa S kwa macho, fungua daftari la insha. Chukua mfano wa insha ambayo ingeweza kutoka kwenye benchi lolote la hapo, kichwa chake "My Mother". Mtoto ameandika hivi: "My mother sell tomatoes at Cotebu. She wake up at four and she walk there with the basket. The big market burned and her place burned. She never say she is tired."

Anayeijua Bujumbura atasimama hapo. Soko Kuu liliteketea Jumapili asubuhi, tarehe 27 Januari 2013, na waliokuwa na vibanda humo wakatawanyikia masoko ya mitaani, Cotebu likiwa mojawapo. Mtoto ameutia moto ule katika sentensi moja, na ndani yake moto wa nchi na moto wa nyumbani kwao imekaa jirani, kila mmoja na kitenzi chake. Ameandika "at four", na nyumbani kwao hakuna anayesema saa nne kwa wakati huo. Mama huamka saa kumi alfajiri. Maana yake mtoto amepiga hesabu ya saa sita kichwani, akiwa katikati ya sentensi ya lugha ya nne, na hakukosea. Kisha kamaliza kwa jambo ambalo mama halisemi, hila ambayo waandishi wazima huitafuta kwa miaka.

Kalamu nyekundu imefika. Imeweka miduara minne: "sell", "wake", "walk", "say". Pembeni imeandikwa S, S, S, S, ya mwisho ikiwa na alama ya mshangao. Chini kuna neno moja linaloamuru sarufi irudiwe. Moto haukuzungushiwa mduara. Hesabu ya saa sita haikupata hata tiki. Nani mwingine angeweza kusimama mbele ya mama, soko, moto na alfajiri, akavifunika vyote kwa mwili mdogo hivyo?

Wako wanaomsengenya, na huwa wanafanya hivyo kwa Kiswahili ili wakwepe ushuru. Wanamtaja Roger Brown wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechapisha mwaka 1973 utafiti juu ya watoto watatu wa Kimarekani waliokuwa wakijifunza lugha ya mama zao. Katika vipande 14 vya sarufi alivyovifuatilia, S wa nafsi ya tatu alikuwa wa kumi kushikwa. Wanasema: ikiwa mtoto wa Marekani, anayenyonya Kiingereza, humchelewesha S hivyo, wa Mutakura anaharakishiwa wapi? Wanamtaja pia Barbara Seidlhofer wa Vienna, aliyeandika mwaka 2004 kwamba watu wa mataifa mbalimbali wanapozungumza Kiingereza kati yao, kumwacha S hakuharibu maelewano. Mfanyabiashara wa Kigoma na mwenzake wa Kampala watauziana mchele mpaka mwisho bila yeye, na mchele utafika.

Kesi yao kubwa ni ya Norwich, mji wa mashariki mwa Uingereza. Peter Trudgill alipochapisha mwaka 1974 utafiti wake juu ya usemi wa mji huo, wafanyakazi wa tabaka la chini walikuwa wakimwacha S mara 97 katika kila 100. Waingereza hao, wa kuzaliwa, husema "she go", na chai inaletwa. Trudgill anaeleza chanzo chake: mwaka 1565 mji huo uliwakaribisha wafumaji waliokuwa wakikimbia utawala wa Hispania, Waflemi na Wawaloni, na katika miaka michache wakimbizi hao wakawa zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Kiingereza chao kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, hakina S, na wenyeji wakakizoea. Tazama mzunguko ulivyo: watu wa upande wa nchi iitwayo leo Ubelgiji waliwafundisha Waingereza kumsahau S, kisha karne nyingi baadaye Ubelgiji ikaja Burundi, ikatufundisha Kifaransa mpaka mwaka 1962, na sasa S anatusubiri sisi. Mkimbizi wa Norwich alisamehewa. Mutakura, ambako familia iliyowahi kulala kambini Tanzania si jambo la kushangaza, msamaha huo haujafika.

Haya yote S anayajibu kwa sentensi moja: Norwich haifanyi mtihani wenu wa taifa. Na ana haki. Mtihani unamhitaji kwa sababu ni rahisi kumhesabu. Msahihishaji ana rundo la karatasi lisilokwisha, mshahara mdogo na siku chache. Kupima kama mtoto ameona kitu na amekisema kunataka kusoma mara mbili na kufikiri. Kumtafuta S kunataka macho tu. Ndiyo sababu anatawala, na si Burundi peke yake. Watahiniwa wa Dodoma na Kisumu wanamjua vilevile, na huko nako kuna miduara. S hakunyakua cheo hicho. Alipewa na watu waliochoka.

Basi nawaomba wasahihishaji na watungaji wa mitihani: mpeni Mheshimiwa S haki yake, alama moja kwa insha nzima, hata akikosekana mara nne, maana kosa ni moja. Alama zinazobaki muwape mama, soko na alfajiri. Na wewe mtahiniwa wa Mutakura, usingoje hilo litokee. Siku ya mtihani andika kwanza habari yako mpaka mwisho, bila kumwogopa mtu. Kisha bakiza dakika tano, rudi juu na ncha ya kalamu, simama kwenye kila "he", kila "she", kila "it", na kila jina la mtu mmoja, umpe kila mmoja S wake. Alama hizo zichukue, ni zako. Ila usikubali mtu akuambie kwamba hizo dakika tano za mwisho ndizo zilizokuwa uandishi.