Tairi Bovu la Baiskeli Mpya na Waranti Yake

Tairi la baiskeli ni nyuzi, mpira na upepo. Nyuzi za nailoni hulipa umbo, mpira huzikinga nyuzi na kokoto, na upepo ndio unaombeba mpanda baiskeli pamoja na gunia lake. Kwenye kingo zote mbili hupita waya wa chuma unaolifanya ling'ang'anie rimu. Kadi ya waranti inayokuja na baiskeli mpya haijishughulishi na upepo, huusemea mpira kwa shingo upande, na kuhusu nyuzi na waya haifungui mdomo. Ubovu wa kiwandani hupenda kukaa humo humo kwenye nyuzi na waya, na aghalabu hauonekani mpaka upepo umekwisha kutoka.

Matatizo ya karatasi yamelifuata tairi la upepo tangu lizaliwe. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alilitengeneza ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimtingishe mno, akapewa hataza mwaka 1888. Haikuchukua muda akaambiwa hataza hiyo haina nguvu, kwa kuwa Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikwisha kusajili wazo hilo hilo mwaka 1845. Thomson naye hakutajirika kwa wazo hilo, maana wakati huo hapakuwa na baiskeli za kuvishwa matairi hayo, akaishia kuyajaribu kwenye magari ya farasi. Yeye alikuwa na karatasi bila baiskeli. Mnunuzi wa siku hizi baiskeli anayo, na karatasi yake ina tabia ya kufutika.

Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, baiskeli nyingi hufika ndani ya katoni, magurudumu yamefungwa ubavuni mwa fremu. Fundi wa duka huiunganisha palepale barazani, akajaza upepo kwa pampu ya mkono isiyo na geji, kisha akalibonyeza tairi kwa kidole gumba na kutangaza, "Hapo poa, bosi." Ubavuni mwa tairi pana herufi za kuchomoza zinazotaja upepo linaoutaka, kwa matairi manene ya saizi 26 mara nyingi ni kati ya PSI 40 na 65. Kidole gumba hakina namba, wala Wakala wa Vipimo hawakikagui.

Baada ya hapo hutoka risiti. Risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD) haichapwi kwa wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto, kwa hiyo ikikaa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, au juani, au ikisuguana na sarafu, maandishi hufifia mpaka yakabaki kama kivuli. Ndivyo waranti ya miezi sita inavyotundikwa kwenye karatasi ambayo pengine haitaimaliza hata miezi mitatu. Waliowahi kuumwa na nyoka hutoa kopi siku hiyo hiyo. Wengine hufika dukani na kikaratasi cheupe, wakiapa.

Kadi ya waranti ni ngumu zaidi, na haifutiki. Huanza kwa ukarimu, ikiidhamini fremu kwa miaka, kisha kwa herufi ndogo hutaja yasiyohusika: uchakavu wa kawaida, pancha, ajali, matumizi mabaya, kupakia mizigo kupita kiasi. Neno "kupita kiasi" halielezwi. Kiwanda chenyewe kimefunga keria nyuma, na keria haikuwekwa ili baiskeli ipendeze, lakini siku ya madai inageuka shahidi wa upande wa pili. Mhudumu huitazama, akaona chembe moja nyeusi, akahukumu kwamba hapa umepita mkaa.

Ubovu wa kweli una namna zake. Unaojulikana zaidi ni nundu: nyuzi zikiwa zimekatika au zilifumwa vibaya, upepo husukuma mpira mahali hapo na tairi likavimba upande mmoja. Gurudumu hudunda kila linapomaliza mzunguko, na abiria aliyekaa kwenye keria huuliza kama njia imeharibika hivi karibuni. Namna ya pili ni waya uliokaa vibaya au uliokatika, ambapo ukingo wa tairi hupanda juu ya rimu na tyubu ikachungulia nje. Ya tatu ni nyufa ndogondogo ubavuni. Hizi hushangaza wengi kwa sababu baiskeli ni mpya, ila baiskeli mpya si lazima iwe na tairi jipya. Mpira huanza kuzeeka siku unapotoka kiwandani, na ukitundikwa mbele ya duka kwenye jua la Dar mwaka mzima huzeeka kwa bidii. Ziko pia kasoro za tyubu, kama kuachia kwenye maungio au valvu kung'oka shinani. Mwisho ni kosa la kijinga kuliko yote: mkanda wa kufunika vichwa vya spoku ndani ya rimu kukaa upande, au kutokuwepo kabisa, spoku zikabaki zinaidunga tyubu kidogokidogo.

Utamu wa jambo ni kwamba kasoro zote hizi huishia kwenye tukio moja, yaani upepo kutoka. Na upepo ukitoka, kila mtu barabarani huita pancha. Pancha ndiyo iliyotajwa kwenye kadi kwamba haihusiki.

Anayeweza kutofautisha pancha na ubovu ni fundi wa mtaani, yule aliyekaa chini ya mwembe na karai la maji, kipande cha msasa, kichupa cha solushani na tyubu kuukuu za kukatia viraka. Mtu huyu ni mpelelezi. Kabla ya kulitoa tairi hutazama maandishi yake yako wapi kuhusiana na valvu, ili tundu likionekana kwenye tyubu ajue ni sehemu gani ya tairi ya kupapasa. Huijaza tyubu upepo, akaizamisha karaini kipande kwa kipande, na mapovu yanapotoka huweka kidole na kutamka hukumu. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au msumari, hapo mwenye baiskeli alipe anyamaze. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni tyubu kubanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo la barabarani, kwa kawaida kwa sababu upepo ulikuwa haba. Tundu upande wa ndani, linalotazama rimu, ni spoku. Hapo aliyeiunganisha baiskeli ana la kujibu.

Tatizo ni kwamba fundi akishafungua, duka huuliza, "Nani kafungua?" Kwa macho ya duka, mkono wowote usio wao umeharibu ushahidi. Njia mbadala ni kuisukuma baiskeli hadi dukani bila upepo, lakini rimu hulitafuna tairi njia nzima, na likifika limepata majeraha mapya ambayo kwa haki kabisa ni matumizi mabaya. Kuipandisha kwenye daladala kunahitaji konda mwenye imani. Iliyobaki ni bajaji, na nauli ya kwenda na kurudi, ikizingatiwa kwamba safari ya kwanza bosi huwa hayupo, hukaribia bei ya tairi lenyewe. Wengi huishia hapa. Hununua tairi jingine mtaani na kuiacha kadi ya waranti droo moja na kadi za harusi.

Wanaoendelea hukutana na swali la upepo. Mama mmoja mwenye tairi lenye nundu huelezwa kwa upole: "Mama, hapa ulijaza upepo mwingi." Akijibu, "Sijagusa pampu, mwanangu, ni ule ule mlioujaza nyinyi," mhudumu hutafakari kidogo, kisha humalizia: "Basi ulipungua." Hoja hii haina upenyo. Ukiwa mwingi ni kosa la mnunuzi, ukiwa kidogo ni kosa la mnunuzi, na ule wa katikati hakuna aliyewahi kuupima, kwa kuwa kidole kilichoupima kiko likizo.

Kama maneno yakikwama, hunyooshwa kidole kwenye muhuri wa stakabadhi: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Muhuri huo huuzwa dukani kama mihuri mingine na haujatungwa na Bunge. Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, nayo humdai mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Ipo pia Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Kenya wamepanda juu zaidi: Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, kwa hiyo tairi lenye nundu mjini Kisumu ni suala la kikatiba. Ni nadra mtu kufungua kesi kwa ajili ya tairi. Hata hivyo picha ya simu iliyopigwa wakati nundu bado imesimama, tairi likiwa kwenye rimu na namba ya fremu ikisomeka, hulainisha mazungumzo kuliko kelele, hasa ikitolewa taratibu mbele ya wateja wengine.

Duka likikubali, huja suala la saizi, na hapa hata watu wema hukosana. Tairi lililoandikwa 26 si lazima liingie kwenye rimu ya 26. Namba hiyo ilikuwa kipimo cha inchi cha kipenyo cha gurudumu kwa nje, tairi likiwa limevaliwa, na kila kundi la watengenezaji lilifika kwenye 26 kwa njia yake. Tairi nene la baiskeli ya milimani, kama 26 × 2.10, hukaa kwenye rimu ya milimita 559. Lile jembamba la 26 × 1⅜ linataka milimita 590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna mpini wa kijiko utakaoimaliza, ingawa vijiko vingi vimepindishwa katika majaribio. Dawa ni kusoma namba nyingine ndogo ubavuni, yenye muundo kama 54-559 au 37-590. Ile ya tarakimu tatu ndiyo inayopaswa kulingana na rimu. Mhudumu anayeshikilia kwamba "ishirini na sita ni ishirini na sita" anaweza kuombwa alivishe mwenyewe, mbele ya umma.

Suluhu, ikifika, huwa ya nusu kwa nusu. Tairi hutolewa bure, tyubu hulipiwa kwa punguzo, na hela ya fundi hutoka kwa mnunuzi kwa sababu fundi, wanasema, si wa duka, ingawa ndiye aliyeiunganisha baiskeli hiyo. Tairi jipya mara chache huanza waranti yake. Hurithi siku zilizobaki za lile la kwanza, na ni vyema tarehe ya kubadilishiwa iandikwe kwenye kadi kwa kalamu ya wino na kugongwa muhuri, maana muhuri dukani upo. Lile bovu hubaki kwa mwenye duka, akisema litapelekwa kiwandani. Kuhusu tairi la pili, lililotoka kwenye katoni hiyo hiyo na kujazwa kwa kidole hicho hicho, hakuna upande unaolitaja mpaka nalo lianze kudunda.