Nikopeshe kwa Miaka 25, Mangi

Siku hizi huwezi kukaa kijiweni ukanywa kahawa yako kwa amani. Zamani gumzo lilikuwa Simba na Yanga, unajua kabisa leo utagombana na nani. Sasa kila mwenye bando ni mchumi, anakukazia macho na kukuuliza umejipangaje ili fedha yako isiliwe na mfumuko wa bei. Fedha ipi? Yangu inaliwa na watoto kabla huo mfumuko haujanawa mikono.

Kinara wao ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyu bwana amenunua hatifungani ya Serikali ya miaka 25, na tangu hapo haongei kama sisi. Haji tena kula ubwabwa kwetu, anakuja kutathmini hali ya soko, ila sahani anaimaliza vilevile. Anatueleza kwamba kuanzia ni milioni moja, riba ya hiyo yake ni asilimia 15 na ushei, inalipwa mara mbili kwa mwaka na haikatwi kodi. "Shem, wewe umelala, hela inafanya kazi." Hesabu ni nzuri, sina ubishi. Lakini mimi nina miaka 53. Huo mtaji ukiiva nitakuwa na 78, na wakati huo milioni moja pengine itatosha nauli ya kuifuata.

Nikilalamika kwamba bei zimepanda, ananitolea takwimu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inasema mfumuko wetu mwaka 2024 ulikuwa asilimia 3 na kitu, umetulia, wakati majirani zetu Kenya mwaka 2022 walifika hadi 9.6. Ile ofisi sibishani nayo, watu wale wanajua kuhesabu. Shida ni kwamba wanamhesabu mtu mwingine. Kikapu chao kina bidhaa na huduma zaidi ya 380, na ndani yake chakula chote, soda na juisi zikiwemo, kimepewa uzito wa asilimia 28 hivi. Nyumbani kwangu chakula ndicho kikapu chenyewe. Kinachobaki ni nauli, luku na michango ya harusi, ambayo sijui wao wameiweka fungu gani. Huyo mtu wa asilimia 28 ningependa siku moja nimwone. Nahisi ana makochi ya ngozi.

Halafu bei zenyewe zimejifunza kujificha. Andazi la mama anayekaanga pale kona ni mia mbili, na limekuwa mia mbili muda mrefu tu. Lakini hebu lishike. Lile la zamani ulilitafuna chai ikaisha, ukaomba nyingine ya kulisukumia. Hili la sasa limevimba vizuri, rangi imekolea, linang'aa mafuta. Ukilipasua unakutana na chumba. Chumba kitupu chenye kuta nyembamba, hakina hata mpangaji. Nikamuuliza mama, "Mbona humu ndani hamna mtu?" Akanijibu bila kutoa macho kwenye karai: "Ngano imepanda, baba. Unataka nipandishe bei mnikimbie?" Nyanya nazo ni hivyo hivyo. Fungu ni buku lilelile, ila zile tano zimekuwa tatu, na ya juu imegeuzwa ili upande uliooza uangalie Bagamoyo.

Dola mimi sijawahi kuishika, naijua kwa madhara yake tu. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa shilingi 2,300 na kitu. Mwaka 2024 ikafika 2,700 hivi. Nikaenda Kariakoo kutafuta mota ya feni, muuzaji akanambia bei imebadilika, "dola imepanda, bosi." Boksi alilonipa lilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Mwisho wa mwaka huohuo shilingi ikapata nguvu, dola ikateremka chini ya 2,500, nami nikarudi Kariakoo kifua mbele. Yuleyule, kwenye kiti kilekile: "Huu mzigo tuliuchukua dola ikiwa juu, bosi." Yaani dola ikipanda, mzigo wa zamani unauzwa kwa dola ya leo, ikishuka, mzigo wa leo unauzwa kwa dola ya zamani.

Shemeji anasema dawa ni dhahabu, mbona hata Benki Kuu yetu inainunua. Dhahabu ya nyumba hii ni hereni moja. Ya pili ilipotelea kwenye harusi yake yeye mwenyewe.

Somo lililonichoma zaidi lakini ni la madeni. Kumbe bei zikipanda, anayecheka ni mdaiwa: anakopa fedha nzito, analipa fedha nyepesi. Marekani inadaiwa zaidi ya dola trilioni 36 na bado watu wanapanga foleni kuikopesha. Serikali yetu, hadi Machi 2025, deni lake lilikuwa shilingi trilioni 107.7, na bungeni tukaambiwa ni himilivu. Nikaligawa kwa watu milioni 61.7 wa sensa ya 2022, nikapata milioni 1.7 na ushei kwa kila kichwa, akiwemo kichanga wa jirani ambaye hajaota hata jino. Hakuna anayehaha. Hatifungani ya zamani ikiiva, inatolewa mpya, maisha yanaendelea.

Sasa na mimi ni mdaiwa, mbona sicheki? Kwa sababu wangu ni mkopo wa kausha damu: nimechukua laki moja, mwisho wa mwezi narudisha laki na thelathini, na televisheni imeandikwa kwenye fomu. Mfumuko wa asilimia 3 kwa mwaka utaifanya nini riba ya 30 kwa mwezi? Ili deni likuchekeshe lazima ulipewe kwa miaka mingi na riba isiyopanda, na mikopo ya namna hiyo hupewa mtu ambaye tayari ana hela.

Nikaenda dukani kwa Mangi, ambaye daftari lake linanijua kuliko mke wangu. Nikamwambia lile deni langu tuligeuze hatifungani: miaka 25, asilimia 15, riba mara mbili kwa mwaka.

"Na ukifa, mzee?"

"Mwanangu atatoa nyingine."

Alicheka mpaka akamwaga sukari ya mteja. Kisha akafunua pazia la nyuma ya friji. Katoni za sabuni zimepangwa mpaka darini, na chini yake madumu ya mafuta. "Mimi hela ikikaa tu naona inapungua. Naigeuza sabuni."

Nikaona nami nianze kuwekeza hapohapo. Nikamwomba mche mmoja, aandike. Mangi akachukua kalamu, akafungua ukurasa wangu, akanitazama.

"Niandike bei ya leo, au bei ya siku utakayolipa?"