Alaska Kabla Wenyewe Hawajaamka

Meli za kitalii huanza kwenda Alaska mwishoni mwa Aprili na kufunga msimu Oktoba. Mtu anayejua hali ya mfuko wake atakushauri uende Mei. Tiketi ni nafuu, watoto wa watu wako shuleni, na mvua, kwa kawaida ya kule, ni haba kuliko ile ya Septemba na Oktoba. Yote hayo ni kweli, na nikipata nafasi nyingine nitakwenda Mei tena. Ila vipeperushi havisemi kwamba kwenda Alaska mwezi huo ni kama kufika harusini turubai ndiyo kwanza linafungwa: viti viko kwenye lori, mpishi anatafuta kisu, bibi harusi yuko saluni. Utakaribishwa vizuri sana. Pilau ndiyo hakuna.

Nilisafiri na shangazi yangu, mzaliwa wa Tanga aliyehamia huku Seattle kwa kufuata wajukuu. Binti yake ndiye aliyelipa, na mimi nikateuliwa kuwa msindikizaji, cheo chenye maana ya mbeba mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa begi la visheti na kashata, pilipili ya unga, chupa ya chai, na kanga za kuvaa juu ya koti la baridi. Nilipomuuliza kanga za nini akanijibu, "Koti linazuia baridi, mwanangu. Halinistiri."

Kabla hatujang'oa nanga kulikuwa na zoezi la dharura: honi saba fupi na moja ndefu. Shangazi alipoisikia akakamata begi la visheti. Kijana wa meli, Mfilipino mpole, akaeleza kwamba ikitokea hatari ya kweli mizigo huachwa chumbani. "Mwambie hii si mizigo," shangazi akaniagiza, "hiki ni chakula." Sikutafsiri.

Nyingi ya meli zinazoondoka Seattle haziendi moja kwa moja kwenye njia ya ndani iliyokingwa na visiwa. Hutokea nje, magharibi mwa kisiwa cha Vancouver, na hapo zinakutana na Pasifiki yenyewe bila pazia. Kazini nilikuwa nimeshatamba kwamba mtu wa pwani hasumbuliwi na mawimbi. Ni kweli nimezaliwa Tanga, lakini bahari naijua kwa kuitazama. Usiku ule glasi zilipoanza kugongana kabatini, nikalala chali sakafuni, mahali pekee ambapo sikuwa na pa kuangukia. Mhudumu akaniletea tufaha la kijani na vipande vya tangawizi, dawa ya kule melini. Shangazi akala tufaha.

"Hii ndiyo bahari?" aliniuliza akitafuna. "Wewe hujavuka mkondo wa Nungwi kwa jahazi, upepo wa kusi unavuma, na mbuzi wa mtu kafungwa karibu na kichwa chako."

Usiku uliofuata nilikuwa nimeanza kupata nafuu niliposikia ukelele kutoka chumba cha pili: "Mwanangu! Humu mna ngedere!" Nikakimbia. Wahudumu wa meli hizi wana ufundi wa kukunja mataulo yakawa wanyama, na yule wetu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amefanya tumbili mweupe, akamning'iniza kwenye kiango cha nguo, kisha kwa kunogesha akamvika miwani ya shangazi aliyoikuta mezani. Sasa fikiria. Shangazi anatoka bafuni haoni vizuri, kwa sababu miwani anayo tumbili. Alichokiona ni kiumbe cheupe kinachoelea hewani, kinamkodolea macho kwa miwani yake mwenyewe. Nilipofika kilikuwa kimeshapigwa ndara na kiko chini. Asubuhi shangazi alimpelekea mhudumu kashata za kumtaka radhi, na tangu hapo tulikuwa tukipewa wanyama wa kukaa tu: tembo, bata, sungura. Hakuna aliyening'inia tena.

Tukafika Juneau. Ni makao makuu ya jimbo, lakini hakuna barabara inayoiunganisha na miji mingine; unaingia kwa meli au kwa ndege. Maduka ya karibu na gati nusu yake yalikuwa yanapakwa rangi. Vijana wa kazi za msimu walikuwa wametoka kushuka kwenye ndege kutoka majimbo ya kusini, na binti mmoja niliyemuuliza basi la kwenda kwenye mto wa barafu wa Mendenhall linasimama wapi alinitazama kwa matumaini, akidhani nimekuja kumwambia yeye. Njia za miguu za mlimani zilikuwa bado chini ya theluji. Safari ya helikopta kwenda kupanda sileji za mbwa ilifutwa kwa ukungu, na hilo halikuniumiza, maana shangazi hapatani na mbwa.

Ilibaki boti ya nyangumi. Nyangumi wenye nundu wa huko hushinda majira ya baridi Hawaii, wakipandana na kuzaa, na muda wote huo karibu hawali chochote. Kisha huvuka bahari kwa maelfu ya kilomita kuja Alaska kula. Mei ndiyo wanaingia. Nahodha wa boti alikuwa mkweli, alituambia, "Wako njiani." Tukazunguka mpaka tukaona mmoja kwa mbali: moshi wa pumzi, mgongo, kisha mkia. Boti nzima ikapiga kelele. Shangazi akauliza kwa nini tunamkaribia, nikamweleza habari za Hawaii. "Yaani katoka huko hajala miezi, kafika tu, nanyi mnamkimbilia kwa mayowe? Mwacheni ale kwanza." Safari hii nilitafsiri. Watu walinyamaza vizuri sana, na mama mmoja akarudisha kamera kwenye mkoba.

Skagway ni mji wa watu kama elfu moja hivi, na ulifanywa na tamaa. Mwaka 1897 habari za dhahabu ya Klondike zilifika Seattle, na makarani, vinyozi na walimu wakapanda meli kwenda kutajirika, wengi wao hawajui hata kuwasha moto kwenye theluji. Polisi wa Kanada waliokuwa mpakani juu ya mlima wakaweka sharti: asiye na chakula cha mwaka mzima hapiti. Ukijumlisha na zana, mzigo wa mtu mmoja ulifika karibu tani moja. Asiye na pesa za wapagazi aliubeba mwenyewe kidogokidogo, akipanda na kushuka mlima uleule mpaka mzigo wote uishe. Kwenye njia ya White Pass walikufa farasi wapatao 3,000. Reli ya kuwaondolea watu adha hiyo ilianza kujengwa 1898 ikakamilika 1900, na kama ilivyo ada ya miradi, ilikamilika wenye shida wameshaondoka.

Leo reli hiyo ni ya watalii. Tuliipanda. Kadiri tulivyopanda theluji ikaongezeka, kisha ukungu ukashuka, na dirisha likawa jeupe kama limebandikwa karatasi. Mwelezaji hakukata tamaa. Alitangaza kwa kipaza sauti kwamba upande wa kushoto, kwa kawaida, kuna maporomoko mazuri ya maji, na upande wa kulia, kwa kawaida, bonde la kutisha. Tukawa tunageuza shingo kushoto na kulia kutazama weupe uleule. Nilitumia nafasi hiyo kumsimulia shangazi kisa cha tani moja ya chakula. Alisikiliza mpaka mwisho, akalichukua lile begi la visheti, akaniwekea mapajani.

"Unaona?" akasema. "Wenye akili pale walikuwa polisi."

Kitu kingine cha Mei ni jua. Linazama baada ya saa tatu usiku. Kwa sisi tunaoanza kuhesabu saa za usiku jua linapotua, kukuta saa tatu ya usiku ina jua ni jambo ambalo shangazi alilichukulia kuwa ukosefu wa adabu. Kisha likishazama, giza haliji sawasawa. Alikaa dirishani na tasbihi akisubiri mwanga wa magharibi uondoke isha iingie, na ule mwanga badala ya kuondoka ukawa unatambaa taratibu kuelekea kaskazini. Alipotambua kwamba unakwenda kuwa alfajiri, akashika ruhusa ya msafiri, akajumuisha magharibi na isha, akalala.

Hayo yananileta Glacier Bay. Wazungu wa msafara wa George Vancouver walipopita hapo 1794 ghuba haikuwepo, palikuwa na ukuta wa barafu wenye mbonyeo mdogo tu. John Muir alipokuja 1879 barafu ilikuwa imeshajikunja kwa makumi ya kilomita. Sasa ni hifadhi ya taifa, na meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku. Askari wa hifadhi huja kwa mashua ndogo, wakapanda ubavuni mwa meli ikiwa inatembea, na kushinda nanyi mchana kutwa wakieleza. Walituonyesha sili amelala juu ya kipande cha barafu ("hana hata blanketi," shangazi alisikitika) na dubu ufukweni. Dubu wa Mei ametoka usingizini na samoni hawajaja, kwa hiyo anakula majani. Nilimpa shangazi darubini. Akatazama kwa muda.

"Ng'ombe," akasema, akanirudishia.

Meli ikasimama mbele ya Margerie, mto wa barafu wenye uso wa upana wa kilomita moja na nusu hivi, wa buluu na mweupe, safi. Watu wote wakajaa ukingoni wakisubiri kipande kimeguke. Kando yake, upande wa kaskazini, upo mto mwingine, Grand Pacific, ambao zamani ndio uliokuwa mkubwa wa ghuba nzima. Siku hizi umefunikwa na kokoto na tope, mweusi tii, na hakuna anayeupiga picha. Wakati huohuo adhuhuri ikaingia.

Tanga, Mombasa na Unguja zimekaa karibu mstari mmoja na Makka, ndiyo maana kwetu kibla ni kaskazini. Glacier Bay iko mgongoni mwa dunia, karibu kabisa na mwendelezo wa mstari huohuo ukishavuka ncha ya kaskazini, na huko nako kibla ni kaskazini. Shangazi alifurahi mno kusikia amezunguka nusu ya dunia na msala uko palepale. Tatizo lilikuwa nahodha. Wakiwa mbele ya barafu huizungusha meli polepole ili abiria wa pande zote wapate kuona. Na dira ya simu, juu ya chuma kingi namna ile, ilikuwa inasema lolote lililoijia.

Shangazi husali amekaa kwa sababu ya magoti. Tukachagua kona ya nyuma ya sitaha ya juu, nikamwekea kiti kikielekea ule mto mweusi, na tukakubaliana: yeye atasali, mimi nitakizungusha kiti kadiri meli inavyozunguka. Takbiri. Nikashika mgongo wa kiti na kuanza kusukuma, kidogo, nikikodolea tope la Grand Pacific nisije nikampoteza mzee wa watu akaelekea Japani. Katikati ya rakaa ya pili nikasikia mpasuko kama bunduki, kisha ngurumo, kisha umati mzima ukalia "ooh!" nyuma ya bega langu la kushoto. Sikuthubutu kugeuka, meli ilikuwa inazunguka na mimi ndiye niliyekuwa usukani. Shangazi akafika mwisho, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Kushoto ni magharibi, na magharibi ndiko Margerie iliko. Kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, kikaanguka mbele ya macho yake.

"Subhanallah!" akasema. "Umeona?"

"Nimeona kisogo chako, shangazi."

Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka. Tanga yetu, ambayo si kavu, haifiki nusu yake. Wamesimamisha kipimo kikubwa cha mvua karibu na gati, kwa majigambo. Nasi tuliloweshwa kikamilifu, katika miezi wanayoiita ya ukame. Mwelezaji alitupeleka Creek Street, kwenye nyumba zilizojengwa juu ya nguzo kandokando ya mto, akatuonyesha mahali ambapo samoni hupanda kwa maelfu kuanzia Julai. Tuliyatazama maji matupu kwa heshima.

"Wako wapi sasa?" shangazi akauliza.

"Bado wako baharini."

"Nao wanasubiri mvua ikatike."

Kituo cha mwisho kilikuwa Victoria, Kanada, jioni, maduka yanafungwa. Meli hizi hupeperusha bendera za kigeni, na sheria ya Marekani ya 1886 haiziruhusu kuchukua watu Seattle, kuwazungusha na kuwarudisha Seattle bila kugusa nchi nyingine. Basi tukaigusa. Shangazi alishuka, akakanyaga Kanada kwa miguu miwili, akampigia simu mdogo wake aliyeko Tanga, ambako kulikuwa kunapambazuka.

Nilisimama kando nimemshikia begi, ambalo sasa lilikuwa jepesi, nikimsikiliza. Nyangumi walikuwa kundi, na mmoja aliruka akalowesha boti nzima. Dubu alikuwa hatua chache kutoka kwetu, ana watoto, na mdomoni kashika samaki. Bonde la White Pass lilikuwa linaonekana mpaka chini, na mifupa ya farasi inahesabika. Samoni? Dada, mto ulijaa mpaka maji hayaonekani. Upande wa pili wa simu nadhani kulikuwa na shaka, maana alinyamaza kidogo, kisha akaninyooshea simu.

"Muulize huyu, nilikuwa naye."

Nikaipokea. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli hayo ya samaki?"

Shangazi mkubwa alikuwa amenikazia macho, miwani imekaa sawasawa.

"Walijaa, shangazi," nikasema. "Tulikuwa tunawasogeza kwa mguu tupate pa kupita."