Wakala Asiyejua Kusema Hakuna

Mtwara hatuna uhaba wa mawakala. Yupo wa forodha, yupo wa meli, yupo wa kununua korosho, yupo wa mabasi ya Dar es Salaam anayekupokonya begi kabla hujasema kama unasafiri, na katika mitaa ya Chikongola huwezi kwenda mbali bila kumkuta wakala wa fedha amekaa chini ya mwavuli. Kwa hiyo binti wa fildi alipotangaza ofisini kwamba ametuletea wakala mwingine, wa akili mnemba, Bosi aliuliza swali moja tu:

“Anachukua asilimia ngapi?”

“Hachukui, Bosi. Anakula bando.”

“Basi ni nafuu kuliko huyu,” akasema, akininyooshea kidole mimi.

Ofisi yetu ni chumba kimoja na nusu karibu na geti la bandari. Tunahangaikia mizigo ya watu: korosho msimu ukifika, makaa ya mawe, saruji, na lolote ambalo mwenyewe amelikatia tamaa. Kila mwisho wa mwaka tunawapa wateja kalenda ya ukutani. Ya mwaka uliopita mpiga chapa alituwekea picha ya bandari yenye theluji juu ya kreni, na mteja wetu mmoja wa Newala akauliza kwa unyenyekevu kama mzigo wake nao ulipitishwa huko. Safari hii Bosi alitaka Mtwara yenyewe, ikitazamwa kutoka angani, na aliitaka bure.

Binti akasema hilo ni jambo dogo. NASA, shirika la Marekani la anga za juu, wana maktaba ya picha mtandaoni. Ilifunguliwa mwaka 2017 ikiwa na picha, video na sauti zaidi ya 140,000, na nyingi hazina hakimiliki. Kinachokatazwa ni kuweka nembo yao kana kwamba wanakuunga mkono katika biashara yako. Bosi, ambaye moyoni alikwisha kuibandika nembo hiyo kando ya yetu, alinywea.

Wakala huyu, tukaelezwa, si wa kupiga naye soga. Unampa kazi, anaipanga mwenyewe, anagonga mlango wa maktaba, anasoma alichopewa, asiporidhika anabadili maneno na kugonga tena, mwisho anakuandikia ripoti. Tatizo ni kwamba maktaba kama hiyo hutafutwa kwa maneno yaliyoandikwa chini ya picha. Ghuba yetu inaweza kuwa imetokeza vizuri kabisa, na mikoko ya mlango wa Ruvuma ikaonekana hadi ukingoni, lakini kama mwandishi wa maelezo kule Houston aliandika “pwani ya Afrika” akaenda kula, basi Mtwara haipo. Isitoshe, mto wetu ukivuka ng'ambo unaandikwa Rovuma, na kompyuta isiyoambiwa kwamba ni maji yaleyale inahesabu mito miwili.

Wakala alirudi kabla chai haijapoa. “Nimefanikiwa kupata picha bora kabisa za Bandari ya Mtwara,” aliandika, kwa wino mzito. Picha ya kwanza ilikuwa mawingu. Ya pili ilikuwa mawingu yaleyale, yamesogea. Ya tatu ilikuwa kisiwa, na baharia mmoja aliyekuja kufuatilia karatasi zake alikitazama akacheka: “Hii Ngazidja. Kwa mke wangu wa kwanza.”

Hapo binti akalazimika kufanya uchunguzi, na jibu lake lilinivutia kuliko picha zenyewe. Wanaanga wanapopiga picha kutoka kituo cha kimataifa, kilomita kama 400 juu yetu, kinachoandikwa kila mara ni mahali kituo kilipokuwa wakati kamera inabonyezwa, yaani nukta ya ardhi iliyo chini yake wima. Kamera yenyewe inaweza kuwa imeelekezwa ubavuni, kwenye kitu cha kupendeza zaidi. Kwenye kumbukumbu, mpiga picha alikuwa juu ya Mtwara. Macho yake yalikuwa Komoro. Liliniuma kidogo. Mtu anapita juu ya kwenu kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, ana dirisha, ana kamera, na bado anageuza shingo!

Picha ambayo tulikuwemo kweli ilikuwa ya Kimbunga Kenneth, Aprili 2019. Duara jeupe, kubwa, na sisi tupo pembeni yake. Nani hapa amesahau siku zile? Tuliambiwa tuhame mabondeni, watu wakabeba magodoro kichwani, na sisi wa bandarini tukawa tunatazama kontena tupu na kujiuliza zitatua mtaa gani. Kisha kimbunga kikatua Cabo Delgado tarehe 25, kikawaumiza jirani zetu badala yetu. Mimi niliiona kuwa picha ya kuheshimiwa. Bosi akaikataa. “Aprili ndiyo ninadai madeni,” alisema. “Mteja akiona hii atajua pa kuanzia uongo.”

Kwa Desemba alitaka kitu cha uhuru: mwenge, bendera, chochote. Wakala akaleta setelaiti. Na kwa haki yake, hakukosea: setelaiti hiyo inaitwa Uhuru, ya kwanza kurushwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru wake.

“Wakenya!” Bosi akapiga meza. “Hata huko juu wametutangulia.”

Binti akajaribu kumtuliza kwa Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 NASA walikuwa na kituo kule cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyomsikiliza. Wenyeji wengi hawakukipenda, waliandamana wakihofia mambo ya makombora, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa mwaka huohuo. Bosi alisikiliza kwa makini, halafu akauliza swali la kikazi: mitambo ya kituo hicho, je, kuna hata kasha moja lililopitia Mtwara? Wakala akaulizwa. Akajibu kwamba naam, sehemu kubwa ya shehena ilipitia Mtwara, bandari yenye kina na historia adhimu. Akaombwa ushahidi. Akaomba radhi kwa aya tatu.

Ndipo nilipomfahamu. Huyu hakufundishwa kusema “hakuna”. Wenzake tunao hapa getini: ukimpigia simu saa yoyote, kontena lako “liko njiani”, na wewe unaliona kwa dirisha lako mwenyewe, kunguru wametua juu yake. Hawi mwongo kwa ubaya. Anachoogopa ni kurudi kwa tajiri mikono mitupu, basi anajaza mikono kwa kilichopo karibu.

Na mji huu usingepaswa kushangaa, maana gati letu lilizaliwa na ripoti ya namna hiyo. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu kutoka Uingereza uliizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukatua na habari kwamba nchi hii itafurika karanga. Zikamwagwa pauni zipatazo milioni 36. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mradi ukavunjwa 1951, bandari ikakamilika 1954 ikisubiri karanga, na baada ya uhuru reli ikang'olewa. Kilichobaki ni kina cha maji, ambacho kilikuwepo kabla ya ndege yao.

Lakini kalenda ilikuwa mzaha ukiilinganisha na mjomba.

Mjomba ana mikorosho Tandahimba. Alikuwa mjini kwa mambo yake, akapita ofisini kusalimia, akasikia kwamba kuna mashine inayofungua kabati za Wamarekani. Alivuta kiti. “Mpwa wangu, waulize kama wana mtambo wa kubangua korosho.”

Si ombi la kijinga. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, ndiyo maana wabanguaji hupaka mikono majivu au mafuta kabla ya kuanza. Mafuta hayohayo ya ganda viwandani huingia kwenye lainingi za breki. Kila mkulima wa kusini amewahi kuota mtambo utakaompasulia korosho bila kuivunja na bila kumuunguza mtu, ili auze kiini badala ya kuuza ghafi. Mtu aliyempeleka binadamu mwezini, mjomba alisema, hawezi kushindwa na ganda.

Binti akathibitisha kwamba NASA huorodhesha hataza zake ili watu wazitumie, na kwamba mwaka 2016 waliachia 56 kwa mpigo ziwe mali ya umma. Wakala akatumwa. Alipewa ufunguo wa majaribio, unaoruhusu maombi 30 kwa saa na 50 kwa siku, kiasi ambacho mtu mwenye subira kingemtosha. Yeye aligonga “korosho”, “karanga”, “kokwa”, “kokwa ngumu”, “ganda”, “kupasua”, “kupasua taratibu”, “kupasua taratibu zaidi”. Mgao wa siku ukaisha hata saa nne haijafika, mlango ukafungwa. Mtu mzima angesema: nimefungiwa, turudi kesho. Yeye akaandika ripoti ndefu kuliko zote alizowahi kutuandikia.

Ilikuwa ripoti tamu. Kulikuwa na “mfumo wa kubangua kokwa kwa baridi kali” ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kulikuwa na faida zake, mchoro ulioelezwa kwa maneno, na namba ya hataza. Mjomba akaichapisha kwa fedha zake, akaikunja mfukoni mwa kanzu, na kabla sijamaliza kumhudumia mteja mmoja alikuwa keshafika kwa fundi wa kuchomelea. Nilimkuta huko.

“Mzee,” fundi alikuwa anasema, miwani ya kiza ipo kwenye paji la uso, “mapipa nitakutengenezea. Baridi ya namna hii tutaipata kwa nani? Kwa wauza barafu wa Feri?”

“Wewe andika bei, usiulize maswali ya Wamarekani.”

Binti alikuwa ameifungua ile namba. Ilikuwa hataza ya kitu fulani cha kuning'iniza pazia. Wakala, alipoonyeshwa, akajibu, “Uko sahihi kabisa, na asante kwa umakini wako,” akatupa namba nyingine. Hiyo hatukuipata popote. Kesho yake, mgao ulipofunguka, binti alimwagiza upya kama anavyoagizwa karani mgeni: kila unachotaja weka kiungo chake, usichokiona usikitaje, ukizuiwa sema umezuiwa, na pasipo kitu andika hakuna. Akarudi na mstari mmoja. Kuhusu korosho: hakuna.

Mjomba aliusoma mstari ule mbele na nyuma. Alikuwa na uso wa mtu aliyebadilishiwa mzigo.

“Huyu siye,” akasema. “Wa jana alikuwa anajua. Mrudisheni wa jana.”

Tulimweleza. Alichokishika kwenye maelezo yetu ni jambo moja ambalo hatukulikusudia. Alikuwa na hofu kwamba Wamarekani watamdai, na binti, kwa nia njema, akamwambia kwamba hataza ina mipaka ya nchi: ya kwetu husajiliwa BRELA, au kupitia ARIPO kule Harare, na haidumu zaidi ya miaka 20. Iliyosajiliwa Marekani peke yake haimzuii mtu kutengeneza kifaa hicho Tandahimba.

“Na ile isiyokuwepo kabisa,” mjomba akauliza, “inanizuia?”

“Haikuzuii, babu.”

“Basi.” Akasimama, akaenda kumpa fundi advansi.

Mapipa yale yapo uani kwake hadi leo. Mkewe anavunia maji ya mvua, na anayasifu.

Picha ya kalenda binti aliitafuta mwenyewe, kwa mkono, kwenye kumbukumbu za setelaiti za Landsat, ambazo zimeachwa bure tangu 2008. Ni Mtwara kweli: Mikindani, Msanga Mkuu, ghuba ikiingia ndani, hakuna wingu kubwa. Shida ni kwamba kila doti ya picha hiyo ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo gati letu la zamani la mita 385, ambalo tumelisotea maisha yetu yote, ni doti kama 13. Ilichapishwa hivyohivyo, ukubwa wa ukuta, na tangu siku ile ofisini hakufanyiki kazi. Kila anayeingia anatafuta paa lake. Bosi anawaonyesha wateja doa jeupe kando ya gati na kuapa kwamba ndiyo meli yetu ya makaa ya mawe. Mwenzake wa ofisi ya pili anadai doa hilo ni meli yake ya korosho, na mara mbili wamekaribia kushikana mashati. Binti alipopata nafasi alisema kwa sauti ya chini kwamba anavyoona yeye, lile ni wingu.

Wote wawili wakamwambia amuulize wakala. Wakala akasema ni meli, akataja na jina lake.