Mchota Maji, Ngazi ya Kwanza

Binamu yangu wa Emali anaendesha trela kati ya Mombasa na Kampala, na barabara hiyo anaijua mpaka mashimo yake kayapa majina. Lakini kwa Kanada, miaka nenda miaka rudi, dereva wa lori alikuwa mtu wa daraja C, na C haikuruhusiwa kupitia ule mlango wa wenye ujuzi wanaotaka kuhamia huko kabisa. Tarehe 16 Novemba 2022 wakabadili orodha yao ya kazi. Herufi zikatupwa, zikaja ngazi za 0 hadi 5, na dereva wa lori akawekwa ya 3, ambayo ndiyo ya mwisho kuruhusiwa kupita. Basi binamu alilala hana ujuzi, akaamka nao, na gia ni zile zile.

Alikuja kwangu akiulizia bei ya koti la theluji. Nikamsindikiza hadi saiba. Kijana wa pale akamwambia, "Mzee, ujuzi unao, sasa leta karatasi." Cheti cha shule kilichopimwa upya kwa viwango vyao, mtihani wa Kiingereza, na pointi za umri, ambazo ukigonga miaka 45 zinakuwa sufuri. Cheti cha kidato cha nne kililiwa na mchwa kitambo. Umri nao, kwa bahati mbaya, mchwa hawaugusi.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha mpwa wangu wa Wote. Alisomea kuhudumia wazee na wagonjwa, karo ikalipwa kwa mbuzi wa mamake, kwa kuwa Uingereza tangu Februari 2022 ilikuwa ikichukua watu wa kazi hiyo kutoka nje. Kufika tarehe 22 Julai 2025, mlango pu! Watunza wazee wapya kutoka ng'ambo, basi. Na kazi nyingine nyingi zikapandishwa hadi ziwe za wenye digrii. Bibi kizee wa Kiingereza bado anahitaji kugeuzwa kitandani, na uzito wake haujapungua hata ratili moja, ila kumgeuza si ujuzi tena. Dada yangu aliniuliza, "Kaka, na mbuzi wangu je?" Nikajifanya nimepigiwa simu.

Kwa hasira nikaitafuta orodha mama, ile ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2008, ambayo nchi nyingi huitazama zinapotunga zao. Nambari 9624: wachota maji na wakusanya kuni. Ngazi ya kwanza, chini yake hakuna kitu.

Aliyeandika hivyo aje Kitui mwezi wa Septemba, mto Tiva ukiwa mchanga mtupu. Ajue pa kuchimba. Achote kikombe kwa kikombe bila kuyatibua maji, ajaze mitungi ya lita ishirini, aisawazishe mgongoni mwa punda, na muda wote huo ailinde nafasi yake kwenye foleni dhidi ya akina mama walioamka kabla ya jogoo. Digrii yake ikimsaidia nitakunywa maji ya kisima hicho bila kuyachemsha. Mwenye mkokoteni wa punda yumo pia, nambari 9332, ngazi hiyo hiyo ya kwanza, kana kwamba punda wa Kitui aliyeamua kusimama husukumwa na yeyote tu.

Na sisi Wakamba tunaotaniwa nchi nzima kwa sababu ya waganga! Kumbe mtu wa mitishamba yuko 3230, ngazi ya tatu, juu kabisa ya fundi wa mawe aliyejenga nyumba yangu na kufanya mtihani wa ufundi wa NITA ndipo akapewa gredi. Huko Geneva, inaonekana, mizizi inaheshimika kuliko matofali.

Lakini kilichoniangusha kitini ni 1113: machifu wa jadi na wazee wa vijiji. Wamo katika kundi kuu la kwanza, pamoja na wabunge na wakurugenzi wa makampuni. Habari zimeshamfikia mzee wa kijiji chetu, ambaye malipo yake ni chai ya wenye kesi. Juzi kwenye baraza alikataa kukalia benchi na wenzake. Ametaka kiti chenye mikono, na anauliza katibu wake ataajiriwa lini.